Nyumba Njema Si Mlango

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo haziketi vema pamoja. Ya kwanza yasema siri ya mtungi aijuaye ni kata, na aghalabu hutumiwa kumkumbusha mgeni kwamba ya ndani hayajui. Ya pili yasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kati ya hizo mbili ndipo lilipo swali la makala hii: je, mtu aipendaye nchi yake ana haki ya kuwasimulia watu wa nje kasoro zake? Na akiisha kusimulia, ni kitu gani hasa humfanya aitwe msaliti?

Swali hili lilipata mwili mjini Riyadh. Mwaka 2008 Eman al-Nafjan, mwanaisimu na mwandishi wa mji huo, alianzisha blogu kwa Kiingereza. Aliandika kuhusu sheria ya ulezi iliyomtaka mwanamke mzima apate idhini ya mwanamume wa familia yake, na kuhusu marufuku ya kuendesha gari. Dai la kuendesha gari halikuanza naye. Tarehe 6 Novemba 1990 wanawake 47 waliendesha magari katika barabara za Riyadh. Walikamatwa, wakanyang'anywa pasi za kusafiria, na waliokuwa na kazi za serikali wakasimamishwa. Al-Nafjan alikuwa miongoni mwa waliolifufua dai hilo katika kampeni ya Oktoba 2013.

Septemba 2017 mfalme alitangaza kuwa marufuku ingeondolewa. Mei 2018, wiki chache kabla ya siku yenyewe, al-Nafjan alikamatwa pamoja na Aziza al-Yousef, Loujain al-Hathloul na wengine. Hata mpiga picha Madeha al-Ajroush, mmoja wa wale 47 wa 1990, alizuiliwa kwa siku kadhaa. Picha za waliokamatwa zilisambazwa mitandaoni zikiwa zimegongwa muhuri mwekundu wa neno "msaliti". Tarehe 4 Juni wanawake kumi wa kwanza walikabidhiwa leseni. Tarehe 24 marufuku ikaondoka. Wakati huo baadhi ya walioipigania siku hiyo walikuwa kizuizini Jeddah na viungani mwake, ambako ndiko liliko gereza la Dhahban. Baadaye baadhi yao waliieleza mahakama kwamba waliteswa huko. Serikali ilikanusha.

Kesi ilifunguliwa Riyadh tarehe 13 Machi 2019. Miongoni mwa mashtaka yalikuwamo mawasiliano na waandishi wa habari wa kigeni, wanadiplomasia na mashirika ya haki za binadamu. Waandishi na wanadiplomasia hawakuruhusiwa kuingia mahakamani. Yaani shauri la kusema na wageni lilisikilizwa mbali na masikio ya wageni.

Wepesi wa kumtetea al-Nafjan usitufanye tudharau hoja ya upande wa pili, maana ina uzito, na sisi wa pwani tunaujua. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliondoka Unguja 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake mjini Berlin, kwa Kijerumani. Aliwafungulia Wazungu mlango wa ndani kabisa wa majumba ya baba yake, na kwa mengi aliwasahihisha: aliwaonyesha wanawake wenye akili, hasira na siasa mahali ambapo wao waliona mapazia tu. Lakini mwaka mmoja kabla, 1885, alikuwa amerudi Unguja kwa meli ya Kijerumani kudai urithi wake, wakati uleule manowari za Ujerumani zilipokuwa zikimshinikiza kaka yake, Sayyid Barghash. Bismarck hakumsafirisha kwa huruma. Na ndani ya kitabu chake Salme aliutetea utumwa, kana kwamba kuipenda nyumba kulimlazimu kuipaka chokaa hata pale ukuta ulipooza.

Namtaja kwa sababu anatusaidia kutenganisha mambo yanayochanganywa makusudi. Lugha ya kigeni si usaliti. Alice Milligan, mshairi wa Ireland, alihariri na mwenzake Anna Johnston jarida la kizalendo mjini Belfast kuanzia 1896 hadi 1899, na sehemu kubwa yake ilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya mtawala waliyempinga. Msikilizaji wa kigeni naye peke yake hatoshi kuwa ushahidi. La kuuliza ni kile kinachoombwa kwake. Salme aliomba nguvu ya dola, na dola ilikuwa na hesabu zake. Al-Nafjan hakuwa na manowari nyuma yake. Aliomba ajulikane na wenziwe wajulikane.

Ni kweli pia kwamba wapo wanaoyapokea maneno ya mwanamke wa Kisaudia ili kuwadharau Waarabu na Waislamu wote. Hilo ni deni la kweli kwa mwandishi: aandike kwa usahihi kiasi kwamba mwenye chuki asipate pa kushika kwa urahisi. Ila deni hilo halilipwi kwa kunyamaza. Isitoshe, dola yenyewe ilisema na wageni Juni ile. Kamera za dunia zilionyeshwa wanawake nyuma ya usukani, na sifa zikapokelewa kwa furaha. Kwa hiyo ugomvi haukuwa juu ya wageni kuambiwa. Ulikuwa juu ya nani awaambie, na nani ahesabiwe kuwa ndiye aliyeleta mabadiliko. Kama haki imetolewa na mkono wa juu peke yake, aliyeidai hapo awali ni shahidi asiyetakiwa.

Al-Nafjan na al-Yousef waliachiwa kwa muda Machi 2019. Al-Hathloul alitoka Februari 2021, baada ya hukumu, akiwa amezuiwa kusafiri.

Katika nyumba za Riyadh na Jeddah wamo pia dada zetu wa Kenya na Uganda wanaofanya kazi za ndani, na wapo ambao wamerekodi kwa simu yanayowapata. Nasi tulio ughaibuni tumewasikia wenzetu wakilalamika kwamba mabinti hawa wanatuaibisha mbele za watu. Tuwaulize wenzetu hao: aibu hiyo ni ya nani, ya mwenye kurekodi au ya mwenye kufunga mlango?