Msiba wa Rafiki: Ipi ni Kudra na Lipi ni Kosa Letu?



Hapa Kalinzi, katika milima iliyo juu ya Ziwa Tanganyika, mashamba ya kahawa na migomba hupakana, na majirani huwa kama ndugu. Rafiki yangu ninayemwandikia haya, ambaye jina lake nalihifadhi, shamba lake lilipakana na langu. Tulisilimu mwaka mmoja. Sasa ni mwezi wa nne tangu tumzike. Siandiki ili kutangaza majonzi yangu, bali kwa sababu siku ya mazishi yake yalisemwa maneno mawili ambayo wewe nawe, hasa kama ungali mgeni katika dini, utayasikia siku moja.

Neno la kwanza lilitoka kwa baadhi ya wazee wa ukoo: kwamba amelogwa, ama mizimu imemwadhibu kwa kuiacha. Neno la pili nililisema mimi mwenyewe: kwamba ni kudra ya Mungu. La kwanza ni uongo. La pili ni kweli, lakini mimi nililisema ili kujificha nyuma yake.

Rafiki yangu aliugua kifua kikuu. Alikohoa majuma mengi, akatokwa jasho usiku, akakonda. Makohozi yake yalipopimwa ugonjwa ulionekana, akapewa dawa za miezi sita bila kutozwa hata senti moja. Mwezi wa tatu alipata nguvu, akashika jembe lake, akaziacha dawa. Habari hiyo alinieleza yeye mwenyewe tulipokuwa tukianika kahawa. Nami nilikuwa najua kwamba kuacha dawa hizo katikati ni kuukaribisha ugonjwa urudi ukiwa sugu zaidi. Nikanyamaza. Alikuwa amenizidi umri, nikaogopa kumuudhi. Nikajiambia moyoni: nitamwombea dua. Na kweli nilimwombea kila usiku. Ugonjwa ukarudi, akapelekwa hospitali mjini Kigoma, na kutoka huko tuliletewa maiti yake.

Kwanza tuwajibu wale wanaosema habari za uchawi na mizimu. Vijidudu vya kifua kikuu viligunduliwa na tabibu Robert Koch wa Ujerumani mwaka 1882. Huenea kwa hewa ya mgonjwa anayekohoa, wala haviulizi mtu ni wa dini gani. Kama kuugua kungekuwa dalili ya kukasirikiwa, wangeuguaje wapenzi wa Mungu? Hadhrat Uthman bin Mazun (r.a.), mmoja wa Waislamu wa mwanzo kabisa, aliugua Madina katika nyumba ya Umm al-Alaa, wakamuuguza mpaka akafariki. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alimbusu rafiki yake huyo akiwa maiti, na machozi yakimtiririka. Kisha akaweka jiwe kwa mkono wake kichwani pa kaburi lake ili apatambue. Basi asikudanganye mtu, ewe uliyesilimu karibuni, kwamba kulia ni upungufu wa imani. Kinachokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga na kumnung'unikia Mungu.

Tena, yule mama mwenye nyumba alipotamka kwamba bila shaka Mungu amekwisha mkirimu marehemu, Mtume (s.a.w.) alimuuliza amejuaje. Akasema kwamba naye anamtarajia kheri, lakini hakumruhusu mtu kuhukumu mambo yaliyo mikononi mwa Mungu. Ikiwa haikufaa kumhukumia peponi mtu mwema kama yule kwa hakika isiyo na elimu, itafaaje kumhukumia rafiki yangu adhabu?

Sasa nirudi kwenye neno langu mimi. Mwaka 639 Hadhrat Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida (r.a.) akamuuliza kama anakimbia kudra ya Mungu. Akajibiwa kwamba wanaikimbia kudra moja ya Mungu kwenda kwenye kudra Yake nyingine. Baadaye Abu Ubaida mwenyewe alifariki kwa tauni hiyo. Zingatia jambo hili: maradhi ni kudra, na dawa pia ni kudra. Mtume Mtukufu (s.a.w.) amefundisha kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Basi mwenye kuomba dua huku akiiacha dawa, amebisha mlango mmoja na kuufunga mwingine.

Je, dua za waja hupotea? Hasha! Mtazame mwana wa Ujiji, Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa mwaka 1924. Yeye aliwaandikia Waswahili sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria. Alipougua alipelekwa hata Ujerumani kwa matibabu, akafariki huko Bonn tarehe 9 Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 40. Dawa ilitafutwa na dua ziliombwa. Hapo ndipo mwenye kufiwa husema kwa ukweli mtupu kwamba sisi ni wa Mungu na Kwake tutarejea, na moyo wake ukatulia. Lakini mimi sikufanya yote. Mimi, kabla ya kusema kudra, imenipasa kusema: Mola wangu, nisamehe.

Ndugu msomaji, huenda unaye rafiki anayekohoa, au aliyeziacha dawa zake, nawe unamwonea haya. Sura ya Al-Asr ni fupi mno, na wengi wetu huisoma katika sala, nayo huwatoa katika hasara wale tu wanaoamini, wanaotenda mema, na wanaousiana haki na subira. Kuusiana! Urafiki unaonyamaza palipo na hatari haujatimia. Nenda leo, kaa karibu naye, mwambie kwa upole, kisha mwombee. Mambo hayo yaende pamoja.

Na kwa aliyekwisha tangulia, mlango haujafungwa. Tumlipie deni lake, tuwatazame watoto wake, tumwombee maghufira. Mimi sasa ninalipalilia shamba lake pamoja na langu, na mwanawe mkubwa, ambaye naye alikuwa akikohoa, nimekwenda naye kupimwa. Dawa zake huzinywa asubuhi, nami huenda kumwona akizinywa.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu wetu, atusamehe sisi tulionyamaza, na atujaalie kuwa marafiki wasemao kweli. Amin.