Deni la Jina: Tunachodaiwa na Mpagazi Aliyekufa Bila Kaburi

Walio hai wanadaiwa nini na maiti ambaye hakuna tena anayemjua kwa jina? Swali hili linaonekana la wanafalsafa, lakini katika Afrika Mashariki ni swali la koo nyingi mno. Kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918, Waingereza, Wajerumani, Wabelgiji na Wareno walifukuzana katika ardhi yetu, kutoka Taveta hadi Rufiji, kutoka Rufiji hadi ndani ya Msumbiji, na mwisho hadi Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, ambako Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918. Barabara zilikuwa chache, reli hazikufika kwenye mapigano mengi, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota. Kwa hiyo risasi, unga, dawa na mahema vilikwenda vichwani na mabegani mwa watu. Upande wa Uingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka makoloni yake mbalimbali, na hesabu rasmi inakiri vifo zaidi ya 95,000. Leo kilembwe anayetaka kujua babu wa babu yake aliishia wapi hukuta ukimya, au namba tu. Hoja yangu ni kwamba kumtafuta mtu huyo ni wajibu, kwamba wajibu huo hautegemei kama jina lake litapatikana, na kwamba hulipwa kwa kumsema kweli, hata pale ambapo kweli iliyobaki ni kidogo.

Tuanze na jinsi alivyopotea, maana kupotea kwake hakukuwa ajali. Katika koloni lililokuja kuitwa Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu kwenda kuhudumia jeshi, na mwaka 1917 ukafanywa msako mkubwa ambamo machifu walipangiwa idadi ya vijana wa kutoa. Aliyeandikishwa alipewa namba na kisahani cha chuma cha kuvaa, na namba hiyo ikaingizwa kwenye rejista. Mzigo wake ulikuwa wa ratili hamsini hadi sitini, yaani kilo ishirini na tano hivi, mbali na blanketi lake na chakula chake mwenyewe. Lakini kilichomuua zaidi hakikuwa mzigo wala risasi. Kilikuwa chakula. Posho ilikuwa unga wa mahindi, na wengi walitoka kwenye ndizi, wimbi au mchele. Unga ule ulitaka kuchemka kwa muda mrefu, nao walifika kambini usiku wakiwa hoi, kuni zimelowa, sufuria hazitoshi. Walikula ugali mbichi, matumbo yakaharibika, wakashikwa na kuhara damu, na mwili uliodhoofika hivyo haukuweza kuhimili malaria wala nimonia. Madaktari wa jeshi waliliona hilo na kuliandika vita vikiwa bado vinaendelea. Aliyeanguka njiani na kuachwa kichakani, kisahani chake kilibaki naye. Rejistani angeweza kuhesabiwa kuwa amepotea, au hata kuwa mtoro, na kwao hakuna aliyeletewa taarifa.

Kwa upande wa Wajerumani hali ni ngumu zaidi. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilichukua watu vijijini kila lilipopita, likawaacha walipochoka na kuchukua wengine, na halikuwawekea wengi wao kumbukumbu yoyote. Wala waliobaki nyumbani hawakusalimika. Ugogoni, ambako majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wenye nguvu za kulima, ilifuata njaa inayokumbukwa mpaka leo kwa jina la Mtunya. Anayemtafuta mpagazi wa Kigogo basi anatafuta mtu ambaye huenda hata waliopaswa kumngojea walikufa kabla hajafa yeye.

Hata hivyo, ukosefu wa majina haukutokana na vurugu za vita tu. Vita vilipokwisha, tume ya Uingereza iliyopewa kazi ya kutunza makaburi ilikuwa na msingi mmoja uliotangazwa kwa fahari: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kubagua cheo wala dini. Katika nchi zetu msingi huo uliwekwa kando. Maofisa wa utawala waliandikiana kwamba wenyeji hawana desturi ya kuthamini alama za makaburi, kwamba kuwawekea mawe ni kupoteza fedha, na kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, yakiwamo ya Dar es Salaam, yaachwe yarudi kuwa pori. Badala ya majina zikajengwa sanamu za pamoja Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Maandishi ya ile ya Nairobi yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, kisha yanawaahidi waliokufa kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Jina hata moja halikuandikwa pale. Ilipofika Aprili 2021 ndipo warithi wa tume hiyo walipotoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi hiyo huenda ikafika 350,000. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huohuo. Ushahidi huu ndio unaogeuza swali letu. Jina ambalo watu walikaa mezani wakaamua lisiandikwe, mwenyewe hakulipoteza. Amenyang'anywa.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri katika fikra za John Mbiti, padri wa Anglikana na mwanateolojia wa Kenya, ambaye mwaka 1969 aliandika juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Alieleza kwamba katika jamii nyingi za bara hili aliyekufa huendelea kuwa mmoja wa jamaa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, na kwamba hali hiyo hudumu vizazi vinne au vitano hivi. Akifa wa mwisho aliyemjua, marehemu huingia katika umati wa roho zisizo na majina. Tukichukua kipimo hicho, kijana aliyekufa mwaka 1917 amefika ukingoni. Kaka zake wamekwenda, wapwa zake wamekwenda, na wajukuu waliosimuliwa na bibi zao kwamba fulani alichukuliwa na Wazungu asirudi, sasa ni wazee sana au wamekufa. Katika utaratibu wa kawaida, kusahaulika huko si dhuluma, maana kila mtu hupita njia hiyo baada ya kuliliwa, kuzikwa na kuitwa kwa jina katika matambiko au dua. Mpagazi alirukishwa hatua zote hizo. Aliingia kwenye umati wa wasio na majina siku ileile aliyoanguka.

Hapa muumini anaweza kupinga, na pingamizi lake ni la heshima. Mwislamu atasema kwamba hakuna nafsi iliyofichika kwa Mwenyezi Mungu, iwe imezikwa au imeliwa na fisi, na sala ya ghaibu na dua zinamfikia marehemu popote alipo. Mkristo atasema kwamba majina ya wanadamu yamehifadhiwa na Mungu, na kwamba kila mwaka tarehe 2 Novemba Kanisa Katoliki huwaombea marehemu wote bila kudai orodha. Basi kumtafuta katika karatasi za Nairobi na London kunaongeza nini? Nakubali msingi wa hoja hii, ila hitimisho lake silikubali. Mungu kujua hakumfutii mwanadamu wajibu wake, la sivyo kusingekuwa na haja ya kuandikiana deni wala ya kutoa ushahidi mbele ya kadhi. Tena dini zenyewe zinamchukulia maiti kuwa mwenye haki. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, mali ya marehemu haigawanywi kabla madeni yake hayajalipwa, na kile alichokuwa akiwadai wengine huwa mali ya warithi wake. Sasa tuwaangalie wapagazi. Mishahara ya maelfu waliokufa haikuchukuliwa kwa sababu jamaa zao hawakupatikana au hawakutafutwa, na ilipopendekezwa fedha hizo zitumike kwa manufaa ya jamii walikotoka, serikali ya London ilikataa. Mtu aliyedhulumiwa ujira wake hadhulumiwi kidogo kwa sababu amekufa. Na asiyejulikana jina warithi wake hawawezi kumdai mtu, kwa hiyo kufichwa kwa jina kulikuwa pia njia ya kuzima deni. Anayewaombea marehemu wote kwa jumla anafanya vema, lakini anayetaka haki hana budi kusema nani alidhulumiwa, lini, na alidhulumiwa na nani.

Pingamizi la pili linatoka kwenye mila. Wapo watakaosema kwamba sisi tuna njia yetu ya kuwaweka wazee hai: mtoto hupewa jina la babu, na jina huzunguka bila kuhitaji rejista ya mkoloni. Njia hiyo ni njema na imehifadhi mengi. Lakini inamwendea aliyeacha mtoto wa kumrithisha jina, na wengi waliochukuliwa walikuwa vijana ambao hawajaoa. Ndiyo maana anayemtafuta mpagazi leo, mara nyingi anamtafuta kaka wa babu wa babu yake, mtu asiye na uzao. Asiye na mtoto wa kumlilia ndiye anayehitaji zaidi ukoo mzima umsimamie, na pale ukoo ulipovunjwa na njaa au kuhamishwa, jukumu hilo linakuwa la jamii nzima.

Pingamizi la tatu lina makali zaidi. Kumfuata mtu kwenye nyaraka za waliomtumia, wanasema, ni kumrudisha kuwa namba kwa mara ya pili, na afadhali kumtungia masimulizi yanayomfaa. Hatari wanayoiona ni ya kweli, lakini dawa wanayoitoa ni mbaya kuliko ugonjwa. Kishawishi cha kumfanya mpagazi kuwa askari shujaa aliyekwenda kwa hiari kupigania nchi ni kikubwa, kwa sababu masimulizi hayo yanatufariji. Hata hivyo hakwenda kwa hiari, vita havikuwa vyake, na nchi iliyotajwa kwenye sanamu haikuwa nchi yake. Kumvika sifa ambazo hakuwa nazo ni kumnyang'anya tena kile kidogo alichobakiza, yaani yale yaliyompata kweli. Nyaraka zisomwe, ila zisomwe kama hakimu anavyosoma maneno ya mshtakiwa. Orodha ya posho inatuonyesha walilishwa nini. Ripoti ya daktari inatuonyesha kwamba wakubwa walijua. Na ikiwa mwisho wa utafutaji tunaweza kusema tu kwamba kijana wa ukoo huu alichukuliwa mwaka huu, pamoja na wenzake kadhaa, akapelekwa kusini na asirudi, sentensi hiyo itakuwa na heshima kuliko riwaya nzima ya uongo.

Linabaki pingamizi la walio hai: shule hazina madawati, zahanati hazina dawa, nasi tunafukua karne iliyopita. Lakini hatuachi kuzika wafu wetu kwa sababu ya umaskini. Tunachanga rambirambi hata mwaka wa ukame. Tena utafutaji huu una matunda yanayoonekana. Januari 2025 ulifunguliwa Cape Town mnara wa vibarua wa Afrika Kusini waliokufa katika vita vile barani Afrika bila makaburi yanayojulikana. Watu zaidi ya 1,700 wametajwa pale, kila mmoja kwa jina lake kwenye nguzo yake ya mti wa mvule. Iliwezekana kwa sababu hati zilitafutwa na zikapatikana. Nairobi nako, karatasi za kijeshi zilizodhaniwa kuwa zimeharibiwa zimeanza kuibuka. Wanaotuambia kwamba huku ni kupoteza fedha wanasema yale waliyosema maofisa wa miaka ya 1920, ingawa kwa nia njema.

Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako maelfu hununua na kuuza kila siku, ilikuwa kambi ya watu hawa, na Kariokor ya Nairobi vilevile. Manispaa za miji hiyo ziweke pale bango linalosema wazi nani alikaa hapo, alichukuliwaje na alikufa kwa nini. Nyaraka za taifa, za Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi, zifunguliwe na kuwekwa mahali ambapo mwanakijiji anaweza kuzifikia bila kupanda ndege. Misikiti na makanisa yawataje wapagazi katika hitima na misa za marehemu, kwa majina pale yalipo, na kwa wilaya pale majina hayapo. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyewahi kusikia habari za ndugu aliyechukuliwa asirudi, kamuulize mwaka huu. Andika jina, kijiji, ukoo, na jina la chifu aliyemtoa, kisha wape watoto nakala. Mzee huyo akiondoka kabla hujamuuliza, hakuna hati ya London itakayoziba pengo lake.