Ridhaa ya mwenye njaa: Mpunga wa Kamsamba unaouzwa ungali majani

Kuna swali ambalo mwalimu wa dini akishuka Kamsamba haondoki bila kuulizwa, na wanaouliza zaidi ni vijana waliooa karibuni kuliko wazee. Swali lenyewe ni hili: mtu akiuza mpunga wake ungali majani shambani, akapokea fedha Januari na kutakiwa kukabidhi magunia Juni, je, hiyo ni biashara halali au ni riba? Sisi tuliosoma fiqhi kidogo tunalo jibu la haraka. Jibu hilo kwa maoni yangu ni sahihi, ila halitoshi, na wanaouliza wanajua kwamba halitoshi. Ndiyo maana kila msimu wanauliza tena.

Kwa msomaji asiyepajua, Kamsamba ipo wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukitoka kwenye baridi ya Tunduma unateremka hadi kwenye bonde la joto, ambako Mto Momba unapita kuelekea Ziwa Rukwa. Ng'ambo ya mto ni Kilyamatundu, mkoa wa Rukwa, na siku hizi kuna daraja la kudumu linalounganisha pande hizo mbili. Udongo wa bondeni unashika maji, kwa hiyo mpunga ndio ada ya shule, ndio bati, ndio mahari.

Sasa chukua familia changa. Mume ana miaka ishirini na kitu, mke amemzidi mwanafunzi wangu wa kidato cha nne kwa mwaka mmoja au miwili, mtoto mmoja yuko mgongoni, na wana ekari mbili walizogawiwa na wazazi. Simsemi mtu mmoja, nasema nyumba nyingi nilizoingia. Juni na Julai nyumba hiyo ina neema. Mpunga umepigwa, umepepetwa, magunia yamepangwa ukutani. Lakini hapo ndipo kila mtu anauza, kwa hiyo bei iko chini, na hapo ndipo kila anayewadai anakuja. Agosti na Septemba ni kiangazi, mume anafyatua matofali. Oktoba wanasafisha majaruba na kurekebisha kingo. Mvua ya kwanza ikishuka, Novemba au Desemba, inatakiwa fedha ya kukodi maksai au trekta, na mbegu inamwagwa kitaluni.

Januari ndio mwezi mgumu, na ugumu wake una mantiki mbaya kidogo. Kazi ya kupandikiza ni nzito kuliko zote za mwaka na haingoji, kwa sababu miche ikizeeka kitaluni mavuno yanapungua. Mwezi huo huo ndio ghala linakuwa tupu. Basi mke anakwenda kibarua kupandikiza shamba la mwingine ili jioni apate unga, na jaruba lake mwenyewe linasubiri. Anapandikiza kwake kwa kuchelewa, anapalilia kwa kuchelewa, anavuna pungufu, na Januari inayofuata ghala linakuwa tupu mapema zaidi. Anayetazama kwa nje anasema hawa ni wavivu. Mtu anayesema hivyo aende Aprili au Mei akamwone huyo mama, tangu alfajiri hadi magharibi, akiwafukuza ndege aina ya kwelea kwelea kwa debe na kelele, mtoto amelazwa chini ya kivuli cha turubai.

Ni katika Januari hiyo ndipo anapokuja mwenye fedha. Kamsamba si ya pekee katika hili. Kagera biashara hii kwenye kahawa inaitwa butura, Mbinga wanaiita magoma, Kyela kwenye kakao wanaiita njemke. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi na bado ipo, jambo linaloonyesha kwamba haja inayoizaa haijaondoka.

Jibu la fiqhi ni hili. Mtume (s.a.w) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla ya kuzipokea. Hakuwakataza. Aliwaelekeza, kama alivyopokea Ibn Abbas (r.a) katika Bukhari na Muslim, kwamba ujazo uwe unajulikana, uzito unajulikana na muda unajulikana. Huo ndio mkataba wa salam, na wanachuoni wanaueleza kuwa ni rehema kwa mkulima, kwani anapata mtaji kabla ya mavuno. Lakini Mtume (s.a.w) huyo huyo alikataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kukomaa kwake, na akahoji mtu atakula mali ya ndugu yake kwa haki gani ikiwa Allah amezuia matunda yasitoke. Kwa hiyo kuuza "mpunga wa jaruba lile pale" ukiwa majani haifai. Kuuza magunia matano ya mpunga wa sifa fulani, kilo kadhaa kila gunia, bila kuyafunga kwenye shamba fulani, inafaa, kwa sharti kwamba bei yote ilipwe pale pale mnapoafikiana.

Ukiyapima kwa kipimo hicho, mengi yanayofanyika bondeni yanaanguka mapema. Fedha inatolewa nusu, nusu nyingine ni ahadi. Gunia linatajwa gunia, lakini Juni linakuja gunia la lumbesa lenye kilemba juu, na debe mbili zinaondoka bure. Hapo ujazo haujulikani tena, na Suratul Mutaffifin imeshasema juu ya watu wa namna hiyo. Baya zaidi ni mwaka wa mafuriko. Mto unapanda, jaruba linafunikwa, mkulima hana cha kukabidhi, na mwenye fedha anasema: yalikuwa matano, mwakani yatakuwa kumi. Hiyo haihitaji mufti. Ni ile ile riba ya zama za ujahilia, lipa au ongeza, iliyokatazwa katika Suratu Aal Imran aya ya 130. Mwenye shida, kwa mujibu wa Suratul Baqara aya ya 280, hungojwa mpaka afarijike.

Lakini tuseme mnunuzi ni mcha Mungu na masharti yote ameyatimiza. Bado lipo la bei. Natoa hesabu ya mfano tu: gunia ambalo wote wawili wanatarajia litauzwa shilingi 80,000 Julai, linachukuliwa Januari kwa 40,000. Mkataba ni sahihi, mashahidi wapo, fedha yote imetolewa. Mkulima ameridhia, na Qur'an katika Suratun Nisaa aya ya 29 imeweka ridhaa kuwa msingi wa biashara. Ustadhi anasema halali, kikao kinafungwa.

Simlaani mnunuzi huyo. Naye ana lake la kusema, na ni la kweli: wapo wanaomkimbia na mpunga usiku, na bila fedha yake yule mtoto angelala njaa. Wanaopaza sauti kwamba wote hao ni wala riba hawajawahi kumkopesha mkulima hata shilingi elfu tano.

Hata hivyo, kuna maneno ya Imam al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria, ambayo natamani yasomwe katika darasa zetu. Katika sherehe yake ya Sunan Abi Dawud anajadili hadithi inayokataza biashara ya mtu aliyelazimika. Hadithi yenyewe ina udhaifu katika mapokezi yake, na yeye analitaja hilo. Kisha anaeleza kwamba yupo anayelazimishwa kwa nguvu, huyo mauzo yake hayasihi, na yupo anayelazimishwa na deni au matumizi ya nyumbani hadi akauza kwa bei ya kutupa. Huyu wa pili, anasema, mkataba wake hukumu yake ni kupita, lakini kwa dini na muruwa haifai kumnunulia hivyo. Inapasa asaidiwe, akopeshwe, apewe muda.

Tazama alivyotenganisha. Kadhi anauliza kama mkataba umesihi, na jirani anatakiwa aulize nini kilimfikisha huyu hapa. Sisi tumekuwa tukijibu swali la kadhi kijijini ambako hakuna kadhi, wako majirani tu. Na kipimo cha ridhaa ni chepesi kukielewa: ameridhia yule ambaye angeweza kusema hapana, akaenda nyumbani na watoto wakala. Mtu wa Januari hana hapana. Ametia saini, na sheria itamshika kwa saini hiyo, lakini mimi siwezi kumwambia mnunuzi kwamba amemaliza wajibu wake kwa Mola wake.

Tena tusisahau ni nani aliyeridhia. Mara nyingi ni mume peke yake, aliyeafikiana kwenye kibanda cha chai. Mke, aliyepandikiza na kuinama kwenye maji wiki tatu, anajua Juni gari linapofika. Sijasikia hotuba ya Ijumaa juu ya hilo.

Zaka ya mazao inatolewa siku ya mavuno, sehemu ya kumi kwa shamba linalonyweshwa na mvua. Nisabu ni wasaki tano, ambazo wengi wa zama hizi wanazikadiria kilo 650 hivi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mpunga wenye makapi ni wasaki kumi. Wapo bondeni wanaovuka kiwango hicho kwa mbali. Na katika wanaopewa zaka, Suratut Tawba aya ya 60 imewataja wenye madeni. Maana yake zaka ya Juni inaweza kumtoa mtu kwenye deni la Januari wiki ile ile mdai anapokuja, bila kungoja wala kuunda kamati. Jirani asiye Muislamu naye asisahauliwe katika sadaka, kwani mafuriko hayachagui jaruba la mtu kwa dini yake.

Ama hao wenye mtaji wanaotaka biashara, na si dhambi kuitaka, waje Oktoba. Wakati huo familia ile bado ina magunia mawili matatu ndani na mume anaweza kugoma bei mbaya. Waafikiane kwa kilo kwenye mizani na wala si kwa gunia, fedha yote itolewe, mke awe mmoja wa walioketi. Mkulima atakayeuza magunia mawili Oktoba atalipa maksai, atabaki na chakula, na Januari mke wake atapandikiza kwake kwanza. Mnunuzi atapata faida ndogo kuliko ya Januari. Nimewauliza wawili watatu kama wangekubali. Mmoja alicheka, mmoja alisema atafikiri, na mmoja akataka kujua mvua mwaka huu zinatarajiwa lini.