Nyumba ya Mjane

Neno la kusoma: 2 Wafalme 8:1–6



Mwanamke Mshunami twamjua sana. Ndiye aliyemtengenezea nabii Elisha chumba cha darini, apate mahali pa kulala kila apitapo. Walimu wa shule ya Jumapili hupenda kuwasimulia watoto habari ya mwanawe, jinsi alivyokufa akafufuliwa. Lakini habari yake ya mwisho husomwa na wachache, nayo ndiyo tutakayoitazama mwezi huu. Njaa iliingia katika nchi, ikakaa miaka saba. Yule mwanamke, kwa shauri la Elisha, aliondoka na watu wa nyumbani mwake, akakaa ugenini kwa Wafilisti. Aliporudi hakuwa tena na nyumba wala shamba. Ndipo alipokwenda kwa mfalme kulilia mali yake.

Tuulize neno moja. Mumewe yu wapi? Katika sura ya 4 twaambiwa ya kuwa alikuwa mzee. Katika sura ya 8 hatajwi hata kidogo. Wengi waelezao Maandiko husema alikuwa amekwisha kufa. Kitabu chenyewe hakisemi, wala mimi sitaongeza. Lakini kila mtu aliyepata kukaa katika matanga ya nchi yetu huijua habari hii bila kufafanuliwa: mwanamke amesimama, mwanawe yu kando yake, na paa alilolala chini yake miaka mingi lasemwa kuwa ni la wengine.

Kwetu Uchaggani desturi ya wazee haikuwa ukatili mtupu, nasi tusiitukane kwa ujinga. Kitinda mimba ndiye aliyerithi nyumba ya mama, na mama akakaa naye katika kihamba, kati ya migomba aliyoipalilia, na kaburi la mumewe li papo hapo, limepandwa masale. Hakutupwa njiani. Ila mema hayo yote yalimwegemea mwana wa kiume. Aliyezaa binti watupu, au asiyezaa kabisa, alikaa kwa huruma ya shemeji zake, na huruma ya shemeji ni kama moto wa mabua. Tena mambo yamegeuka. Vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hata vimekuwa vishoroba. Nyumba zetu ni za matofali na mabati, zimejengwa kwa fedha ya kahawa aliyoichuma mke, au kwa mshahara wake wa ualimu au wa uuguzi. Lakini katika hati limeandikwa jina moja, nalo ni la mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ulinzi huo ni mwema wangali hai wote wawili. Mume akiisha kuzikwa, hao waliomlilia jana waanza kuhesabu mabati.

(Na mke akitangulia kufa, je, ndugu zake huja kuhesabu mabati ya mkwe wao? Mimi sijawaona.)

Watu husema, “Nikifa, sheria itaamua.” Naam, lakini sheria ipi? Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo Waingereza waliileta huku, na ambayo mahakama za Tanzania Bara zimeitumia katika mirathi ya Wakristo, humpa mjane theluthi moja, na wazao wa marehemu theluthi mbili. Na kama hakuna wazao, lakini jamaa wengine wa marehemu wako, mjane hupata nusu. Kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zasema vingine: mjane hana fungu maadamu wako watu wa ukoo wa mumewe, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Basi marehemu asipoacha wosia, mahakama hutazama mwenendo wake alipokuwa hai, kama aliishi kwa kufuata mila au aliziacha. Cheti cha ubatizo peke yake hakikati shauri. Ndugu, fikirini jambo hili. Siku hiyo mashahidi watasimama mbele ya hakimu kueleza jinsi ulivyoishi, na kwa maneno yao itajulikana kama mke wako atapata theluthi au hatapata kitu.

Wako wajane wawili wa Shinyanga waliotolewa na jamaa za waume zao katika nyumba walizokuwa wakikaa. Walizishtaki mila hizo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri ya kuwa zina ubaguzi, ila haikuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliiondoa rufaa yao kwa kasoro ya tarehe katika hati. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa iangaliayo haki za wanawake iliamua kwamba haki zao zimevunjwa. Waume zao walikuwa wamekufa mwaka 1999 na mwaka 2000. Mtoto aliyekuwa akinyonya siku ya matanga amekwisha kuota ndevu, na mama yake angali analia mbele ya waamuzi. Hapo twauelewa vema mfano wa Bwana wetu katika Luka 18.

Sasa nitawaelezeni habari ya mwalimu wetu Martin Luther, ambayo nadhani si wengi waijuao. Katika nchi ya Saxony sheria ya zamani zile haikumpa mjane kitu kikubwa. Wenyeji walisema fungu lake ni kiti chake na kijiti chake cha kusokotea uzi. Luther alilijua hilo. Mwezi wa Januari mwaka 1542, alipokuwa mgonjwa mara kwa mara, aliandika wosia kwa mkono wake mwenyewe, akampa mke wake Katharina von Bora shamba la Zülsdorf, na nyumba ndogo ya kukaa, na vikombe na vito vya thamani. Akaeleza na sababu. Ya kwanza, alikuwa mke mwaminifu, naye amemzalia watoto, watano kati yao wakiwa hai siku ile. Ya pili, alitaka Katharina alipe madeni yaliyosalia. Ya tatu ndiyo kubwa kwetu: hakutaka mama atazame mikono ya watoto apate kula, bali watoto ndio waitazame mikono ya mama.

Someni tena kanuni ile ya mwaka 1963, mkaiweke kando ya sababu hii ya tatu. Ile yamweka mama chini ya watoto. Huyu awaweka watoto chini ya mama. Amri ya Nne, tunayowafundisha watoto wa Kipaimara katika Katekisimo yake Luther, yaagiza baba na mama waheshimiwe. Haikuongeza kwamba heshima ya mama ikome siku ya kumzika baba.

Lakini habari haikuishia hapo. Luther hakumwita mwandishi wa sheria. Alijiona kuwa anajulikana vya kutosha, mbinguni na duniani na hata kuzimu, hata asihitaji muhuri wa mtu. Waliotia sahihi kama mashahidi ni watu wakubwa: Melanchthon, Cruciger na Bugenhagen. Luther akafa tarehe 18 Februari 1546, na mara wosia ule ukapingwa kwa sababu haukufuata utaratibu wa sheria. Gregor Brück, mshauri mkuu wa mtawala, alisimama kinyume cha mjane. Kama Mtawala Johann Friedrich asingaliuthibitisha wosia kwa amri yake mwenyewe, mke wa mtu aliyejulikana Ulaya nzima angalihesabiwa kama mke wa mtu aliyekufa bila kusema neno. Karatasi ile ipo hata leo, yatunzwa na Walutheri wa Hungaria mjini Budapest. Wewe usiye Luther, wala huna mtawala wa kukusikiliza, waona salama gani katika kunyamaza?

Najua kinachowazuia wengi. Wasema kuandika wosia ni kujiitia mauti. Mfalme Hezekia aliambiwa na nabii Isaya aitengeneze nyumba yake kwa kuwa atakufa. Akaomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Kutengeneza nyumba hakukumwua. Wengine waogopa kwamba mke akijua ameandikiwa nyumba atakuwa na kiburi. Mtu wa namna hiyo na aje kwangu, tuzungumze kwanza habari ya ndoa yake, kabla ya habari ya wosia.

Basi andika. Taja nyumba, na kiwanja, na kihamba, na mipaka yake. Taja madeni. Tia tarehe na sahihi. Kanuni za mwaka 1963 zataka mashahidi wasiopungua wawili wajuao kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mwingine wa nje. Na mtu asiyejua kusoma na kuandika awe nao wanne. Yafaa zaidi kumwuliza karani wa mahakama au wakili kabla ya kuandika, tusije tukafanya kama Luther. Karatasi isifungiwe katika sanduku ambalo shemeji ndiye mwenye ufunguo.

Neno langu la pili ni kwa wazee wa kanisa, nalo ni gumu. Bwana Yesu, katika Marko 12, aliwaonya watu juu ya waandishi waliosali sala ndefu huku wakila nyumba za wajane. Kikao cha ukoo baada ya maziko hufunguliwa kwa sala. Mara nyingi aombaye ni mzee wa kanisa, tena ni ndugu wa marehemu. Akisema “Amina”, wanaketi kumchagua msimamizi wa mirathi, na mjane yuko jikoni anawachemshia chai. Mzee, umepata kumwita aketi? Tena mwambieni huyo msimamizi mbele ya watu wote ya kuwa yeye si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake, kuwagawia wenye haki, na kutoa hesabu mahakamani. Wako waliotoka mahakamani na karatasi ya usimamizi wakaifanya kuwa hati ya kumiliki. Huo ni wizi, nao watenda wizi huo huku wakikaribia Meza ya Bwana.

Nanyi wainjilisti, turudi kidogo kwa mfalme. Saa ile mwanamke Mshunami alipoingia, Gehazi alikuwako akimweleza mfalme matendo makuu ya Elisha. Gehazi hakuwa mtu msafi. Habari ya fedha ya Naamani twaijua. Lakini alipomwona yule mama alimtambua, akasema ni nani, na mwanawe ni yupi. Mfalme akamwuliza mama mwenyewe, naye akaeleza. Ndipo alipotoa msimamizi, akaagiza arudishiwe vyote, pamoja na mazao ya shamba ya miaka ile yote aliyokuwa ugenini.

Ninyi mmekula katika nyumba hizo. Mmewafundisha watoto wake, mmeombea msingi ulipochimbwa, mmemwona mke akibeba mchanga kutoka mtoni. Mjane akiitwa mahakamani, asiende peke yake. Fuatana naye, hata kama shemeji yake ni mweka hazina wa usharika, ukamweleze hakimu uliyoyaona kwa macho yako.