Kuahidi na Kudanganya

Huko Silicon Valley, nchini Marekani, vijana waanzishao kampuni za ufundi mpya hupewa shauri moja ambalo limekwisha kuvuka bahari na kufika hata Nairobi na Dar es Salaam: jifanye umefika, mpaka utakapofika. Maana yake, usingoje chombo chako kikamilike ndipo ukitangaze. Kitangaze kana kwamba kipo, upate fedha, na kwa fedha hizo ukitengeneze. Wenye kulisifu shauri hili ni wengi, na miongoni mwao wamo waliotajirika. Sisi twapenda kuuliza kama ni halali, na kama si halali, ubaya wake waanzia wapi.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwenye kuanza jambo jipya hana la kuonyesha ila maneno yake; mkulima aombaye mkopo wa mbegu haonyeshi mahindi. Hata Thomas Edison, mvumbuzi mashuhuri, aliwaambia watu wa magazeti ya New York mnamo Septemba 1878 kwamba amekwisha kuipata njia ya kuleta taa ya umeme majumbani, na matajiri wakamtolea mtaji. Taa yenyewe, ile iliyoweza kuwaka kwa saa nyingi, haikupatikana katika karakana yake ya Menlo Park ila Oktoba 1879. Yapata mwaka mzima alikuwa ametangulia kusema. Watu wamemsamehe kwa kuwa taa iliwaka. Lakini je, kufaulu kwa leo kwaweza kuyageuza maneno ya jana yakawa kweli? Twaona sivyo. Kama taa isingaliwaka, maneno yangalikuwa yale yale, na sisi tungalimwita mwongo.

Jina la Edison huyo ndilo lililopewa mashine ya kampuni ya Theranos, ambayo Bibi Elizabeth Holmes aliianzisha mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 19. Alisema kwamba matone machache ya damu ya kidole yatatosha kwa vipimo vingi vya maradhi. Ni nia njema. Nani asiyeogopa sindano? Mwaka 2013 vipimo vyake vilianza kutolewa katika maduka ya dawa ya Walgreens, na mwaka 2014 kampuni ilihesabiwa kuwa na thamani ya dola bilioni 9. Kumbe mashine ile iliweza vipimo vichache tu, na vilivyobaki vilifanywa kwa mashine za kawaida zilizonunuliwa kwa watu wengine. Gazeti la Wall Street Journal lilifichua mambo hayo Oktoba 2015. Mwaka 2016 kampuni ikayafuta majibu ya miaka miwili yaliyotoka katika mashine ya Edison. Mwaka 2018 ikavunjwa.

Wahenga walisema ahadi ni deni, na neno hilo lafaa kupimwa vizuri. Mdaiwa asemaye “nitalipa” hajamdanganya mtu, hata akija kushindwa. Anakiri kwamba hajalipa. Lakini yule atoaye stakabadhi ya uongo, aonyeshe kwamba deni limekwisha, huyo haahidi tena. Anatoa ushahidi juu ya jambo lililokwisha kutendeka, naye ajua halikutendeka. Mahakamani, mwaka 2021, Bibi Holmes alikiri kwamba yeye mwenyewe alibandika alama ya kampuni kubwa ya dawa ya Pfizer juu ya taarifa iliyopelekwa kwa Walgreens, hali Pfizer hawakuiandika wala kuithibitisha. Hiyo ndiyo stakabadhi tunayoisema. Yawezekana aliamini kwa moyo wote kwamba mashine itafanya kazi siku moja. Imani hiyo ilikuwa ya kesho, na ile karatasi ilisema habari za leo.

Tena kuna swali la nani abebaye hasara. Tajiri atoaye mtaji ajua kwamba fedha yaweza kupotea. Ndiyo kazi yake, na ana wanasheria wa kumsomea mikataba. Mgonjwa hakuombwa kukopesha kitu. Katika kesi hiyo alikuja mama mmoja aliyesema kwamba majibu ya damu yake yalionyesha mimba inaharibika, na baadaye akajifungua mtoto mzima. Siku alizokaa na karatasi ile mkononi hakuna awezaye kumrudishia. Hata hivyo, Januari 2022 wazee wa baraza walimwona Bibi Holmes ana hatia katika mashtaka manne ya kuwadanganya wenye mtaji, na katika mashtaka ya kuwadanganya wagonjwa wakamwachilia. Akahukumiwa kifungo cha miaka 11 na miezi mitatu. Sheria yataka ushahidi wa nia, nasi hatuilaumu mahakama. Lakini dhamiri haifungwi na orodha ya mashtaka, na kwa dhamiri yetu yule mama ndiye mdai wa kwanza.

Sisi tuandikao magazeti hatuna haki ya kunyosha kidole kwa mbali. Jarida la Fortune liliweka picha ya Bibi Holmes jaladani mwaka 2014, na mwandishi wake akaja kukiri kwamba alipotoshwa. Wengi wengine walisifu bila kukiri lolote.

Mashauri kwa waanzilishi yamejaa tele. Kwa mfanyakazi mdogo aonaye namba zisizopatana na kuambiwa anyamaze, mashauri ni haba. Tyler Shultz alikuwa mmoja wao. Babu yake, George Shultz, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nchi za nje wa Marekani, aliketi katika halmashauri ya kampuni ile, na kwanza alimsadiki Bibi Holmes kuliko mjukuu wake. Kijana akamwandikia mkuu wake makosa aliyoyaona, akaacha kazi mwaka 2014. Mwenzake, Erika Cheung, naye aliondoka. Mwaka 2015 aliandika barua kwa wakaguzi wa serikali wa maabara, huku akiogopa kushtakiwa. Wakaguzi walifika mwaka huo huo.