Mwenye Shimo na Mzoga

Soma Kutoka 21:33, 34. Mtu amechimba shimo asilifunike, na ng'ombe wa jirani ametumbukia akafa. Torati haiulizi kama mchimbaji alikusudia. Inamwambia alipe. Kisha inaongeza neno ambalo wasomaji wa haraka hulipita: mnyama aliyekufa anakuwa wake. Anayelipa haachi fedha mlangoni na kwenda zake. Anaondoka na mzoga, na kila amwonaye njiani anajua shimo lilikuwa la nani.

Tulilijadili fungu hili Sabato moja hapa Kigoma. Hewa ikiwa safi, tunaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na wafanyabiashara wa Kibirizi huvuka kwenda Kalemie kama mtu aendaye Kasulu. Kalemie ilikuwa ndani ya Katanga ya zamani. Katika Katanga hiyo hiyo, mbali kusini karibu na Likasi, kuna shimo liitwalo Shinkolobwe.

Hapo kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ilichimba mawe yenye urani nyingi ajabu; mengine zaidi ya nusu yake ilikuwa urani. Mwaka 1940 tani 1,200 hivi za mawe hayo zilipelekwa New York, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Kongo. Waafrika waliyachambua mawe yale kwa mikono. Mgodi ulifungwa karibu na uhuru wa 1960, lakini baadaye wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti, na mwaka 2004 sehemu yake ikaporomoka na kuua watu.

Sasa tazama upande wa walionunua mawe hayo. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria ya kuwafidia raia wake waliodhuriwa na mionzi: dola 50,000 kwa waliokaa katika wilaya zilizoangukiwa na vumbi la majaribio ya mabomu ya Nevada, na dola 100,000 kwa wachimbaji wa urani, wakiwamo Wanavajo wengi. Naisifu sheria hiyo kwa mambo mawili. Haikumlazimisha mgonjwa kuthibitisha ni vumbi lipi lililomletea saratani, jambo ambalo hakuna daktari angeweza kulionyesha baada ya miaka ishirini. Ilitosha aonyeshe kwamba alikuwapo kwa muda uliotajwa, na kwamba ana ugonjwa uliotajwa. Ni karibu na kile tunachosoma katika Kumbukumbu la Torati 21:1–9, ambapo maiti imeokotwa shambani na muuaji hajulikani. Wazee hawasemi hakuna ushahidi, turudi nyumbani. Wanapima umbali, na mji ulio karibu ndio unaosimama mbele za Mungu kwa ajili ya damu ile.

Jambo la pili, ndani ya sheria yenyewe Bunge liliomba radhi kwa niaba ya taifa. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mzoga ulipobebwa.

Hata hivyo, wajane wa Kinavajo walihangaika kwa sababu ndoa zao zilikuwa za kimila na hazikuwa na hati. (Tukihesabu ndoa zisizo na cheti kutoka Ujiji hadi Uvinza, tutalala hapa.) Watu wa New Mexico, ambako bomu la kwanza lilijaribiwa Julai 1945, walingoja hadi 2025 ndipo wakaingizwa. Na sheria ile inataja majimbo ya Marekani tu. Mchimbaji wa Kinavajo na mchimbaji wa Katanga walichimba kwa ajili ya mabomu ya taifa moja, lakini aliyeombwa radhi ni mmoja.

Ndugu mmoja darasani alipinga habari yote ya fidia. Fedha hainunui mapafu, alisema, na kuipokea ni kama kumuuza marehemu. Ni neno zito, nami sikulijibu upesi. Lakini ng'ombe naye hakufufuka, na bado Mungu aliamuru malipo. Mwingine akasema waliotenda wamekwisha kufa, mjukuu analipa nini? Nilimuuliza kama amewahi kumwona mjukuu akikataa shamba la babu yake kwa kuwa babu amekufa. Anayerithi shamba hurithi na shimo lililomo.

Mama mmoja muuza dagaa alikuwa kimya muda wote. Mwishoni akauliza: “Mwalimu, na yule aliyekufa huko bila mtoto, bila karatasi, jina lake halijaandikwa popote, hilo deni analipwa nani?”

Tulifungua Hesabu 5:8. Mtu aliyekosewa akiwa hana jamaa wa kupokea malipo, aliyekosa harudi na fedha mfukoni. Malipo ni ya Bwana, nayo hupewa kuhani. Mama akaomba lisomwe tena, polepole, na kengele ikalia tukiwa katikati ya fungu.