Mwengine Si Yule

Sungura wa mtoto akifa, mtu mzima aliye karibu huwa na jawabu tayari: nyamaza mwanangu, tutakununulia mwengine. Nimelisikia jawabu hilo Wawi, kisiwani Pemba, barazani kwa dada yangu, likitoka kwa watu waliomwonea mtoto huruma ya kweli. Siwalaumu. Lakini ndani ya maneno hayo mna dai zima kuhusu kile kinachopotea kiumbe anapokufa, na dai hilo nalipinga.

Dai lenyewe ni kwamba aliyekufa alikuwa sungura, na sungura wapo tele. Kwa mfugaji wa nyama ni kweli. Jike hubeba mimba mwezi mmoja hivi, huzaa watoto kadhaa kwa mkupuo, na banda lililopungua leo hujaa tena kabla msimu wa karafuu haujesha. Mfugaji huyo anafuga idadi, wala hana kosa. Mpwa wangu hakufuga idadi. Alikuwa na jike mmoja mweupe mwenye doa jeusi sikioni, aliyepiga mguu wa nyuma chini kila pikipiki ilipopita kwa kishindo, na aliyesaga meno taratibu akikunwa utosini, sauti ndogo mno ambayo huisikii mpaka uinamishe kichwa. Tembele alianza kulila kwenye kikonyo, jani akaliacha mwisho. Mwengine atakayeletwa kutoka Chake Chake atakuja na tabia zake. Hizi hatakuja nazo.

Wapo wenye hekima waliotutaka tufikiri kinyume. Epictetus, mwanafalsafa wa dola ya Kirumi aliyewahi kuwa mtumwa, alifundisha kwamba ukipenda chungu ujiambie kuwa unapenda chungu, ili kikivunjika usifadhaike. Kisha akatoka kwenye chungu akafika kwa mke na mtoto. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Kiarabu wa karne ya 9, aliandika risala nzima juu ya namna ya kuiondoa huzuni. Huzuni, kwa maelezo yake, ni maumivu ya nafsi kwa kupotewa na kinachopendwa au kukosa kinachotakiwa. Na kwa kuwa vya dunia havidumu, mwenye akili aelekeze mapenzi yake kwenye visivyoharibika. Namheshimu al-Kindi, na kwamba dunia haidumu hakuna asiyelijua. Hata hivyo dawa hii ina gharama yake. Humponya mtu kwa kumfundisha asimtazame aliye mbele yake, aitazame aina yake tu. Mtoto aliyelala kifudifudi mbele ya banda hadi akajua kwamba sungura wake huanza na kikonyo, amemwangalia kiumbe mmoja mpaka akamjua. Mimi kazi hiyo naiona ni mwanzo wa wema, na siko tayari kumwambia aiache ili asiumie.

Kupenda aina nako kuna mahali pake. Kidike, si mbali na Chake Chake, wanaishi popo wa Pemba, popo wakubwa wa matunda wasiopatikana popote duniani ila kisiwani kwetu. Waliwindwa na kuliwa, misitu yao ikakatwa, hadi ikahofiwa kwamba watatoweka. Wanakijiji wakasimama kuwalinda, na leo popo hao kisiwani wanahesabiwa kwa maelfu. Akianguka mmoja usiku hakuna anayelia, wala si ubaya, kwani kinacholindwa pale ni kizazi kizima. Kosa huja tunapoichukua hesabu ya Kidike tukaingia nayo nyumbani kwa mtoto.

Nyumba ninayoikumbuka kila nikilitafakari jambo hili ni ya Abu Talha na mkewe Ummu Sulaym, Madina. Anas, mwana wa Ummu Sulaym, amesimulia kwamba walimkurupusha sungura mahali paitwapo Marr al-Dhahran, yeye akamkamata, Abu Talha akamchinja, na mapaja yakapelekwa kwa Mtume (S.A.W.), naye akapokea. Katika ukoo huohuo alikuwepo ndugu yake mdogo Anas, Abu Umayr, mwenye ndege mdogo wa kuchezea. Ndege akafa. Mtume aliingia akamkuta mtoto amehuzunika, akaambiwa sababu. Akamwita kwa kuniya yake, kama anavyoitwa mtu mzima, akamuuliza habari za ndege wake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa karne ya 4 Hijria wa madhehebu ya Shafi'i, ambayo ndiyo yetu Pemba, aliiandikia kijitabu kizima akitoa faida 60.

Mimi naongeza ninachokiona kwa kuziweka hadithi hizo mbili pamoja. Waliokula sungura bila wasiwasi walimhuzunikia ndege bila aibu, na hakuna aliyeona mgongano. Sungura wa Marr al-Dhahran alikuwa windo, hakujulikana na mtu. Ndege wa Abu Umayr alijulikana. Na aliyeulizwa habari zake ni ndege yule yule. Mtoto hakuahidiwa mwengine.

Najua kinachosemwa baada ya hapo, maana kilisemwa palepale barazani na bibi mmoja jirani: sisi tumezika watu, huyu analia kwa sungura? Pemba ina haki ya kuuliza hivyo. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja huku, na zipo familia ambazo mpaka leo hazina hata kaburi la kuzuru. Lakini swali la bibi linachukulia kwamba huzuni ni akiba moja, kwamba anayemlilia mdogo anawapunja wakubwa. Sivyo ilivyokuwa kwa Ummu Sulaym. Wanazuoni kadhaa wamesema kwamba Abu Umayr ndiye yule mwanawe aliyefariki udogoni wakati Abu Talha hayupo. Mama akaistahamili habari ile mpaka mumewe alipokwisha kupumzika, kisha akamuuliza kama watu walioazimwa kitu wanaweza kukataa kukirudisha. Mama aliyekuja kustahamili hivyo ndiye ambaye nyumbani kwake machozi ya ndege hayakudharauliwa.

Kilichomuumiza zaidi mpwa wangu ni ghafla yenyewe. Jioni alimwacha mzima. Asubuhi matembele ya usiku yapo vilevile, yamenyauka, na sungura amekauka pembeni mwa banda. "Mjomba," aliniuliza, "mbona hakunionesha kama anaumwa?" Nilimwambia ninachokijua. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, na anayeonesha unyonge hukamatwa mwanzo, kwa hiyo huficha maumivu mpaka yamshinde. Hawezi kutapika. Tumbo lake likisimama, siku moja yaweza kutosha kumuua. Joto kali nalo humuua, kwa kuwa hatoi jasho kama sisi. Hujipoza kwa masikio. Kwetu kilikuwa kifo cha ghafla, lakini yeye huenda alianza kuumwa tangu jana yake.

Maelezo hayo hayakumfariji, na sidhani yalipaswa. Yalimwondolea lawama. Lawama na huzuni ni vitu viwili, nasi wakubwa tuna haraka ya kuvifuta vyote kwa neno moja. Lawama ifutwe, kwani haina haki. Huzuni ina haki yake, iachwe ikae.

Tulimfukia nyuma ya nyumba, karibu na mgomba. Hapakuwa na kafani, swala wala hitima, na sikutaka tuigize hata kimoja katika hivyo. Hayo ni ya binadamu na yabaki yao. Ila msiba wa mtu huleta na jambo jengine. Watu huja, hukaa kwenye jamvi, humuuliza mfiwa marehemu aliumwa lini, alisema nini mwisho, alikuwa mtu wa namna gani. Mfiwa hueleza kisa kilekile kwa kila anayeingia. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, alichapisha kitabu kuhusu huzuni ambazo jamii haizitambui, na mtoto aliyefiwa na sungura yumo humo: hakuna anayekuja kukaa naye jamvini. Anabaki na kisa chake ambacho hakuna aliyekiuliza.

Basi ukifika kwenye nyumba yenye mtoto wa namna hiyo, usianze na bei ya sungura sokoni. Mwite kwa jina lake, kaa chini, muulize sungura wake alikuwaje, na umsikilize mpaka amalize.